Yote Isipokuwa Kuze

Athmani Faraj hakuwa mtu wa kuamini karatasi tupu. Karatasi tupu, kwa maoni yake, ni kitu ambacho mtu mwingine atakuja kukiandika halafu aseme umeandika wewe. Kwa hivyo karatasi ilipoingia kwenye mashine yake ya kupiga chapa, katika afisi ya ghorofani juu ya duka la Bwana Kamaludin pale Biashara Street, haikuruhusiwa kubeba tarakimu hata moja kabla ya kubeba kile alichokiita kizingiti.

Kizingiti kilikuwa kijisanduku cha mistari juu ya ukurasa, chini ya jina la duka. Ndani yake Athmani aliandika kila kitu ambacho mwenye kuitaka taarifa alikuwa amekichagua. Bidhaa: kanga, bila vikoi. Maduka: Feri na Malindi. Miezi: Rajabu na Shaabani. Kama bwana alitaka kuona kanga nyekundu peke yake, kizingiti kilisema nyekundu peke yake, asije mtu baadaye akauliza za kijani zimeliwa na nani. Mistari aliichora kwa rula. Majina yalikaa upande mmoja na chaguo upande wa pili, na nukta mbili zilisimama moja chini ya mwenzake kama watu kwenye safu ya sala. Chini ya hapo ndipo hesabu zilipoanza, na mara nyingi zilionekana ovyo ovyo kando ya uzuri wa kile kilichozitangulia.

Wageni waliofika afisini waliisifu kazi hiyo. Makarani wa afisi za jirani waliiita hirizi ya Athmani, na hawa ndio waliokuwa karibu na ukweli.

Alipokuwa kijana, wakati wa Mwingereza, aliajiriwa katika afisi moja ya mizigo upande wa Kilindini ambayo hakuitaja tena jina lake, wala hakupita mbele yake kama palikuwa na njia nyingine. Mkubwa wake alimtaka hesabu ya mbata za mwambao wa kusini tu. Athmani akampa za kusini tu. Mkubwa akaingia nayo mkutanoni, akaulizwa mbata za Lamu ziko wapi, akageuka akamtazama Athmani kama anayemwona mwizi kwa mara ya kwanza na kushangaa kuwa amevaa kanzu safi. Hakuna aliyekumbuka habari ya kusini. Athmani alitoka hapo na mwavuli wake na imani ambayo hakuibadilisha tena: mtu akichagua husahau kuwa amechagua, anayemkumbuka ni yule aliyemletea karatasi.

Imani hiyo ilimfuata hata nyumbani. Akienda kununua mahamri alisema anataka ya leo, yasiyovunjika, yasiyotoka chini ya kapu, kisha akayarudia maneno hayo mbele ya mtu wa tatu. Mkewe Mejumaa, mzaliwa wa Kwale mwenye subira ya kiasi, alimwambia mara nyingi, "Bwana, hata dua waomba kwa isipokuwa."

"Na ikipatikana nisiyoitaka?"

"Basi umshitaki nani?"

Athmani aliona swali lile lina mtu nyuma yake.

Mwaka wa tatu tangu uhuru, Bwana Kamaludin alimleta Ketty Auma afisini. Ketty alikuwa msichana wa Makupa, wazazi wake watu wa bara, Kiswahili chake cha hapa hapa, na alikuwa amesomea kupiga chapa hadi akapewa cheti chenye muhuri. Alipiga kwa vidole vyote, macho yakiwa kwingine. Athmani alipiga kwa viwili, akiitazama kila herufi kama msimamizi wa upakuaji melini. Kila mtu alimwambia msichana ameletwa kumsaidia. Athmani alikuwa ameona watu wengi wakisaidiwa hadi nje ya mlango.

Meza moja tu ndiyo iliyokuwa dirishani, palipo na mwanga na upepo, na ilikuwa yake. Ketty alikaa ndani zaidi, karibu na majora. Kila alipoinua kichwa, Athmani aliamini kuwa anakadiria upana wa dirisha.

Basi siku moja Bwana Kamaludin alipanda ngazi akihema, akaketi kwenye bunda la kanga, akasema, "Athmani, wakala wa kiwanda cha ng'ambo yuwaja Alhamisi ya wiki ijayo. Ataka kujua kanga zipi zatoka na zipi zakaa, ndipo watupigie mpya kabla ya Rajabu. Nifanyie taarifa. Kanga tu. Mwaka mzima. Maduka yote isipokuwa Kuze."

"Isipokuwa Kuze," Athmani alirudia, huku akiandika.

"Wayajua mambo ya Kuze."

Athmani aliyajua. Duka la Kuze lilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya Bi Khairiya, dada mkubwa wa Kamaludin, mjane aliyeuza kanga kwa wanawake wenzake akiwa amekaa kitandani nyuma ya pazia. Mwanamke wa Kuze hanunui kanga siku anayoiona. Huichukua ikalale kwake. Huko huonyeshwa mama, huonyeshwa wifi, hutandazwa uani kuona rangi itasemaje juani, kisha husomwa maneno yake kwa sauti ili kujua kama jirani wa juu atayachukulia ni yake. Ikiwa atayachukulia ni yake na hakuna ugomvi naye, kanga hurudi. Ikiwa upo, yachukuliwa ya pili kwa ajili ya dada mtu. Bi Khairiya alihesabu kuwa imeuzwa alipojisikia kuwa imeuzwa. Hesabu za maduka mengine zilikwenda mbele, za Kuze zilikwenda na kurudi, na ukizitia pamoja na zile nyingine jumla yote ilianza kuyumba.

Kwa hivyo agizo lilikuwa la maana. Athmani alipiga taarifa, na katika kizingiti, mstari wa tatu, akaandika kwa unadhifu wake wote: Maduka: Yote isipokuwa Kuze.

Hapo palikuwa na jambo la marehemu. Baba wa Kamaludin na Khairiya aliacha maduka matano na watoto wawili, na kwa kuwa aliwashuku watoto wake kwa usawa, aliacha pia sharti. Kila taarifa itakayotoka afisini, nakala yake iende kwa binti. Na oda yoyote ya ng'ambo iwe na sahihi za wote wawili juu ya taarifa yake. Kwa miaka mingi nakala zilikwenda Kuze, na hakuna aliyejua zilifanywa nini huko. Ketty alitia nakala kwenye bahasha, ikapelekwa Alhamisi.

Ijumaa ikafika. Kila Ijumaa baada ya sala, Bi Khairiya alimletea ndugu yake sinia la pilau afisini, limefunikwa kawa, na afisi nzima ikala. Siku hiyo mwanamke aliyezoea kulibeba alipanda ngazi mikono mitupu. Akasimama mlangoni, akatoa karatasi kwenye buibui lake, akaiweka mezani.

"Bi awasalimia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa maneno na kuyapenda. "Asema: salamu nyingi kwa watu wote wa afisi hii isipokuwa mmoja."

Akashuka.

Karatasi ilikuwa nakala ya taarifa. Chini ya maneno "isipokuwa Kuze" palipigwa mstari mnene wa wanja. Hesabu zenyewe hazikuguswa. Ilikuwa dhahiri kuwa Bi Khairiya hakufika huko chini.

Yafaa kujua kuwa mtaani kwao, harusi ikiwapo, mwanamke hutumwa nyumba kwa nyumba kualika. Hodi hapa, hodi pale. Akiruka mlango wako akabisha wa jirani, hukusahauliwa. Hiyo ni hukumu, imepitishwa na watu waliokaa wakashauriana, na wewe utaisikia kabla hajafika pembeni. Bi Khairiya aliisoma karatasi ile kwa macho hayo. Ndugu yake amealika maduka yote, ameuruka mlango aliozaliwa ndani yake, kisha akapiga chapa.

Bwana Kamaludin alikula mkate kwa chai siku hiyo. Alipomaliza alisema, "Nani alikwambia uandike?"

"Bwana, nimeandika miaka yote."

"Miaka yote hujaliweka jina la nyumba yetu baada ya isipokuwa!"

"Wewe ndiwe uliyechagua, bwana."

"Nilichagua nione mimi! Sikuchagua lisomwe!" Bwana Kamaludin alisimama, bunda la kanga likabaki na shimo lake. "Wakala yuwaja Alhamisi. Bila sahihi ya dada hakuna oda, na Rajabu wenye harusi tutawavisha upepo. Nenda Kuze ukamtulize. Taarifa ni ile ile, kizingiti utajua mwenyewe. Ukirudi na sahihi, alhamdulillahi. Ukirudi bila sahihi, Ketty ataketi dirishani nawe utapumzika."

Athmani alilijua neno kupumzika. Lilikuwa neno la watu wenye adabu.

Bwana aliposhuka, aligeuka kwa Ketty. "Nani aliyetia nakala kwenye bahasha?"

"Mimi, mzee. Si ndiyo kanuni?"

"Ndiyo kanuni," alisema Athmani, kwa sauti ya mtu aliyeokota kisu penye damu.

Jumamosi aliipiga upya. Alifikiri njia ya usalama ni kutaja yaliyomo na kuliacha lisilokuwamo. Kizingiti kikasema: Maduka: Biashara Street, Feri, Malindi, Mwembe Tayari. Halikuwamo neno isipokuwa. Akavaa kofia ya Ijumaa, akenda Kuze.

"Hodi."

"Nani?"

"Athmani, bi."

"Athmani wa Mwanakuu?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Mama yake Athmani, marehemu Mwanakuu, alikuwa jirani wa nyumba ile, na kwa Bi Khairiya mtu hakukua hadi akaacha kuitwa kwa jina la mama yake. "Karibu. Wa hali gani? Mejumaa hajambo?"

"Njema, alhamdulillahi. Hajambo, akusalimia."

"Atakaa asalimie tu, au atakuja? Lete hiyo karatasi."

Mkono wenye hina ukatoka, ukachukua, ukarudi. Miwani ilifunguliwa na kufungwa.

"Kuze iko wapi?"

"Haikutajwa, bi."

"Naona. Alhamisi nilifukuzwa, leo sijulikani." Karatasi ikatoka chini ya pazia ikiteleza sakafuni. "Ni afadhali ile ya kwanza. Ile angalau ilinitaja."

Jumatatu alijaribu bila mstari wa maduka kabisa. Kizingiti kilisema kanga, kikasema mwaka mzima, kikanyamaza. Alipokitazama aliona kinamtazama. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametengeneza karatasi ambayo yeye mwenyewe angeishuku, basi hakuipeleka. Akatoa karatasi nyingine, akaandika: Maduka: Manne kati ya matano. Alipenda hilo. Lilikuwa fupi, la kweli, halimtaji mtu. Akalipeleka jioni.

"Na la tano ni la nani?" aliuliza Bi Khairiya. "La jini?"

"La... la hapa, bi."

"Basi mwalificha jina langu kama mke wa pili. Rudi nalo."

Jumanne asubuhi Athmani alikaa mbele ya mashine asipige chochote. Ketty alikuwa akizitandaza karatasi za kaboni. Alimtazama muda, kisha akasema, "Mzee Athmani, naweza kusema neno?"

"Sema. Afisi si yangu." Akaongeza kwa chini, "Bado."

"Kizingiti chako hakina mtu."

"Hakina nini?"

"Mtu. Chasema maduka, chasema miezi, chasema isipokuwa. Nani kasema isipokuwa? Mimi nikisoma naona kama amri imeshuka tu. Tia mstari mmoja. Aliyechagua: fulani. Na kama ana sababu, itie."

Athmani aliinua macho polepole. Aliona jambo zima mbele yake, limepangwa kwa ustadi. Aandike jina la bwana wake juu ya karatasi iliyomkosanisha na dada yake. Bwana alione. Bwana amwambie apumzike. Na msichana wa vidole kumi asogeze kiti, hatua chache tu, hadi dirishani. Shimo lilikuwa limechimbwa na kufunikwa majani, na majani yamechaguliwa mabichi.

"Ahsante, binti Auma," alisema. "Wewe wanitakia mema sana."

"Si mema, mzee. Nimechoka kupiga nakala ya kitu kimoja kila siku."

Alasiri akenda Kuze bila karatasi. Alitaka kusikia, akisikia apime. Bi Khairiya alimwagizia kahawa, na kahawa ikaja na haluwa, jambo ambalo Athmani alilihesabu kuwa la hatari.

"Nikuulize, bi. Wataka iandikwe vipi?"

Pazia lilitikisika. "Wewe mwanamume mzima waniuliza mimi?"

"Nimeandika kwa isipokuwa, umekataa. Nimeandika bila isipokuwa, umekataa. Nimeandika kwa hesabu, umekataa."

"Kwa sababu yote ni karatasi iliyosema." Sauti ilikuwa imebadilika, kali bado, lakini imekaribia. "Sikiza, Athmani. Mimi karatasi siwezi kugombana nayo. Nitaitukana nini, mamake nani? Tangu baba afe naletewa makaratasi. Yamechaguliwa hivi, yameachwa vile. Na nani? Hakuna. Karatasi. Ningejua ni Kamaludin kasema iondoke Kuze, ningemwita hapa, nikampa maneno yake, akanipa yangu, tukaisha, nikampa chakula. Lakini hakusema yeye. Imesema hiyo." Akashusha sauti. "Mwandike mtu hapo. Mtu nitamjua la kumfanya."

Athmani akaweka kikombe chini. Aliwaza kwa makini hawa wawili wamekutana wapi. Ketty hakuja Kuze. Bi Khairiya hakwenda Biashara Street tangu msiba wa mumewe. Huenda ni yule mbeba sinia. Alirudi kwa miguu akilizungusha jambo hilo hadi karibu na nyumbani, na kila alivyolizungusha lilikuwa na upande mmoja asioupenda: kwamba watu wawili wasiojuana wamesema neno moja kwa sababu lilikuwa kweli. Hilo alilichukulia kuwa la mwisho kuaminiwa, baada ya mengine yote kushindwa.

Kitandani aligeukageuka hadi Mejumaa akauliza ana nini.

"Nikiliandika jina la bwana, bwana ataniondoa. Nisipoliandika, bi hatatia sahihi, bwana ataniondoa."

"Sasa wauliza nini?"

"Nauliza ni ipi ya salama."

"Hakuna," alisema Mejumaa, na akavuta shuka. "Angalau hii moja itakuwa na jina la mwingine."

Maneno hayo yalimtuliza kuliko alivyotarajia. Ukiyatazama vizuri, hicho ndicho kizingiti kilichokuwa kikifanya tangu mwanzo, ila kilifanya kwa woga, bila kumtaja mtu. Kilisema kilichochaguliwa ili Athmani asilaumiwe, lakini hakikuthubutu kusema wa kulaumiwa ni nani.

Jumatano alifika mapema kuliko Ketty. Akachora kijisanduku, mistari minne badala ya mitatu, kisha akaona minne haitoshi akachora wa tano.

Bidhaa: Kanga.
Miezi: Mwaka mzima.
Maduka: Yote isipokuwa Kuze.
Sababu: Nguo za Kuze huenda na kurudi, hesabu yake haijafungwa.
Aliyechagua: Bwana Kamaludin.

Nukta mbili zilisimama wima. Akaitoa kwenye mashine, akaitazama, akaona ni karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kupiga na kwamba pengine ndiyo ya mwisho. Akaenda nayo Kuze kabla bwana hajaja, kwa njia ya nyuma, kwa sababu njia ya mbele ilipita chini ya nyumba ya Bwana Kamaludin.

Bi Khairiya alisoma kwa muda mrefu. Miwani haikufungwa.

"Huenda na kurudi," alisema mwishowe.

Athmani alingoja.

"Hilo ni kweli. Kanga za mwezi uliopita nyingi bado ziko majumbani, na sijui ni za nani. Khe! Na amelisema kwa adabu ya punda, lakini ni kweli." Kisha akacheka, cheko fupi kama mtu aliyemshika mwingine mkono gizani akamtambua. "Kumbe ni Kamaludin. Mjinga yule. Leta kalamu."

Mkono wa hina ukatoka, ukaandika jina kwa herufi za Kiarabu, pana, zenye kujiamini, ukapiga mstari chini yake.

"Kamwambie aje Ijumaa baada ya chakula. Nina maneno naye. Chakula kitatangulia, asije akasema nimemtukana akiwa na njaa."

Bwana Kamaludin aliitazama sahihi kwanza, uso ukafunguka. Kisha macho yakapanda hadi kizingiti, uso ukafunga duka.

"Umetia jina langu."

"Ndilo lililochagua, bwana."

"Na wakala atalisoma."

"Atalisoma, bwana."

"Na Kuze yote imelisoma."

Ketty alikuwa ameinama juu ya kaboni zake, na mabega yake yalikuwa yametulia mno kwa mtu asiyesikiliza. Bwana Kamaludin alifungua mdomo, akakumbuka kuwa sahihi ya dada yake imepigwa kwenye karatasi hii hii na haiwezi kuhamishwa kwenye nyingine, akaufunga. Akaondoka na taarifa. Alhamisi wakala alikuja, akasoma, akauliza hapo Kuze nguo huenda wapi na hurudi vipi, akaelezwa, akacheka, akachukua oda.

Ijumaa sinia lilikuja, na Bwana Kamaludin alipokwisha kula akavaa viatu akenda Kuze. Alikaa huko hadi alasiri. Waliomwona akirudi walisema alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa na mtu wake mwenyewe, uso ambao si mbaya kabisa.

Jumamosi Athmani alipopanda ngazi alimkuta Ketty ameketi dirishani.

Alisimama mlangoni na mwavuli wake. Hakushangaa. Alihisi hata aina fulani ya raha, raha ya mtu aliyesema mvua itanyesha, ikanyesha.

"Umewahi," alisema.

"Bwana ameniambia nikae hapa. Mimi sikuomba, mzee." Ketty aliinuka nusu. "Na kiti hiki kina msumari."

"Najua kilipo. Ukikaa upande wa kushoto hautakuchoma." Alipokwisha kusema alijilaumu, hakuwa amekusudia kumpa kitu.

"Bwana ataka kukuona."

Bwana Kamaludin alikuwa chini, kati ya majora. Hakumtazama. "Athmani, kuanzia leo kazi yako iko Kuze. Mshahara ni ule ule. Dada ataka mtu wa kufunga hesabu yake, ijulikane kilichokwenda na kilichorudi, na ataka taarifa zake mwenyewe, achague yeye. Nimempa majina matatu ya makarani. Amewakataa. Amekutaka wewe."

"Kwa nini mimi, bwana?"

"Kamuulize. Mimi nimekwisha kuulizwa yangu."

Athmani alitembea hadi Kuze akilipima jambo hilo njia nzima. Mshahara ule ule: kwa nini ule ule? Kama ni adhabu, ungepungua. Kama ni heshima, ungeongezwa. Mtu akipewa kile kile mahali pengine, kuna kitu kimefanyika katikati ambacho yeye hakukiona.

"Hodi."

"Karibu, Athmani wa Mwanakuu. Meza yako ile pale."

Palikuwa na meza ndogo, na juu yake mashine kuukuu ya kupiga chapa iliyotolewa stoo na kupanguswa. Kando yake kanga zilizorudi zilikuwa zimekunjwa, nyingine bado na harufu ya udi wa nyumba zilikolala.

"Bi, nikuulize, usinifiche. Umenichagua kwa wema ama kwa adhabu?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia. "Hata kimoja. Nimekuchagua kwa sababu nakushuku. Mtu mwenye kuandika kila jambo asije akalaumiwa, ana lake. Sijui ni lipi. Ndiyo nataka uwe karibu nikuone."

Athmani alilitafuta kosa katika maneno hayo, asilione. Kwa miaka yote watu walikuwa wakimwambia wanamwamini, na kila aliyesema hivyo alimwacha akikesha. Huyu hapa, hatimaye, alikuwa amesema kitu ambacho mtu mwenye akili angeweza kukisadiki.

"Sawa, bi," alisema.

"Sawa nini?"

"Nami nakushuku pia."

"Vyema. Keti basi."

Athmani aliivuta meza hadi mahali ambapo aliliona pazia na mlango kwa pamoja, akatia karatasi katika mashine, akachukua rula.

"Wachagua nini?" aliuliza.